Raba Zilizongoja Mguu

Gundi ya viatu ina harufu ya ulaghai. Mwanzoni inakuja tamu, kama ndizi mbivu iliyosahauliwa kabatini, halafu ikishaingia puani inageuka kali na kukufanya upepese macho. Mwezi uliopita nilipeleka begi la mwanangu kwa fundi mmoja pale mjini Arusha ili alishone mkanda. Fundi akafungua kopo lake kwa ncha ya bisibisi, na kabla hajachovya kijiti mimi nilikuwa nimeshaondoka. Mwili ulibaki umesimama pale kibandani, lakini mwenyewe nilikuwa Lemara, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, nikimtazama dada yangu Ndeshi amekaa sakafuni na raba mapajani kama mtu aliyepakata mtoto mchanga.

"Mama, uko salama?" fundi akaniuliza.

Nikamjibu niko salama, nimekumbuka viatu tu. Akatabasamu kwa heshima, kama mtu anavyomtabasamia mteja ambaye hajamwelewa. Sikuwa na namna ya kumweleza pale. Ninyi nitawaeleza, maana mmekaa na mna muda.

Wenye umri wangu mtakumbuka jinsi miaka ile ilivyoingia. Kabla yake duka lilikuwa mahali pa kwenda kuambiwa hakuna. Kiatu kilikuwa ni kile cha turubai kilichopatikana shule zinapofunguliwa, na kikitoboka kidole kikachungulia nje, mlichungulia nacho mpaka mwaka mwingine. Halafu mipaka ikalegea. Mizigo ikaanza kupanda kutoka bandarini na kuteremka kutoka Namanga, na mji wetu ukawa kama mtu aliyeamka asubuhi akakuta nguo za watu wengine zimetandazwa kitandani kwake, za kila rangi, na hakuna anayezidai.

Mama yangu aliamka mapema kuliko wengi. Alikuwa mwanamke wa Machame aliyeolewa Umeruni, na akisema kitu amekisema. Alipata kipande cha ardhi pale soko la Kilombero, hapo hapo mjini, akatandika turubai, akaanza kuuza mitumba. Baba alikuwa mtumishi katika chuo cha misitu kule Olmotonyi, akija nyumbani mwisho wa wiki na harufu ya misonobari kwenye sweta lake. Watoto tulikuwa wawili, Ndeshi na mimi, Upendo, niliyemfuata kwa mbali sana hivi kwamba watu walidhani nimekuja kwa bahati mbaya. Mama alisema nilikuja kwa sababu nguo za Ndeshi zilikuwa zimeanza kurundikana bila mvaaji.

Lakini viatu vya Ndeshi havikurundikana popote, kwa sababu havikuwepo. Dada yangu alikuwa na miguu mikubwa. Nasema kwa upendo, na yeye mwenyewe hucheka tukilisema. Baba aliiita miguu ya kupandia mlima. Hapakuwa na kiatu cha msichana mjini ambacho kingeweza kuifunika bila kuiadhibu, na kanisani alikuwa anakaa ameificha chini ya benchi la mbele kama mtu anayeficha mzigo wa magendo.

Siku moja ya Jumamosi, Mama akakata kamba za belo la viatu, furushi lililobanwa kama tofali. Belo likikatwa kamba hulipuka polepole, linavimba, linapumua, na harufu yake inatoka: dawa ya nondo, jasho la nchi za mbali, vumbi la meli. Kati ya viatu vilivyoporomoka ilikuwamo raba moja ya kijivu, ya kiume, imefungwa kamba na mwenzake. Ndeshi akaichukua, akaingiza mkono ndani hadi kwenye vidole, akatulia. Halafu akakaa juu ya gunia akavaa. Aliposimama hakutembea. Alisimama tu pale katikati ya kelele za soko, uso wake umelegea kama wa mtu anayesikia wimbo kwa mbali.

"Upendo," akaniambia, "zimenikubali."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi alikuja sokoni kumsaidia Mama, na malipo yake yalikuwa raba ambayo wateja wameikataa. Hakuchagua zilizong'aa. Alichagua zilizokuwa na kitu: mshono uliozunguka kisigino kwa namna ambayo hakuwahi kuiona, au soli yenye mifereji kama shamba lililolimwa. Alipenda zaidi zile ambazo ndani yake mguu wa mwenyewe wa zamani ulikuwa umeacha alama. Alinishika mkono wangu mdogo akauingiza ndani, akaniuliza nasikia nini. Nilisikia mabonde ya vidole. "Huyu alikuwa anakimbia," alisema. "Huyu alikuwa anasimama sana, labda mpishi. Huyu naye alikuwa anavuta mguu mmoja, maskini." Nami nililala nikiota watu hao, mpishi na mkimbiaji na yule anayevuta mguu, wanateremka peku kwenye miteremko ya Mlima Meru huku ukungu ukiwa magotini, wanauliza kwa adabu kama viatu vyao viko kwetu.

Kazi yangu ilikuwa kufua kamba. Nilizifua kwa sabuni ya kipande, nikazianika kwenye seng'enge zikaning'inia kama tambi. Yeye alisugua soli kwa mswaki wa zamani, akashona kwa shazia na uzi wa nailoni palipoachia, akapaka gundi, akakandamiza kwa jiwe la kusagia. Viatu vilivyokamilika alivipanga kwenye ubao ukutani, na alivivaa vyote kwa zamu, ili kisiwepo kinachonung'unika. Baba alipokuja Jumamosi alisimama mlangoni akaangalia ule ubao, akaangalia miguu ya binti yake, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua: "Mwanangu, una miguu mingapi?"

Sasa niwapeleke kwenye kijiwe.

Pale mtaani kwetu barabara ilipita juu ya mfereji, na karavati lake lilikuwa na ukingo wa zege wa kukalia. Vijana wa makamo ya Ndeshi walikuwa wameuteka ukingo ule. Walijiita Orijino. Ili ukae pale, raba yako ilitakiwa iwe imetoka nje ya nchi ndani ya boksi lake. Iliyopita kwenye belo haikuhesabiwa, hata ingekuwa mpya namna gani, na aliyeivaa aliitwa mtumba, yaani mtu mwenyewe. "Mtumba anapita," walisema, wakivuta miguu yao ndani kana kwamba utaichafua. Walioruhusiwa kukaa walikuwa wachache, na nadhani huo ndio ulikuwa utamu wake. Ukingo ulikuwa mrefu, ungeweza kubeba mtaa mzima.

Msemaji wao alikuwa Beka, kijana mwenye maneno mengi aliyekuwa na binamu Nairobi. Lakini hazina yao ilikuwa Godi. Jina lake kamili ni Godlisten, na kama mmewahi kuishi na watu wa Kilimanjaro hamtashangaa. Alikuwa mrefu, mkimya, akiishi na mama yake kwenye nyumba yenye geti jekundu. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kijiweni na boksi kwapani. Wenzake walinyamaza. Alifungua kifuniko, akafunua karatasi laini iliyolia kama majani makavu, na ndani zililala raba nyeupe zenye mstari wa kijani kibichi ubavuni, kijani cha jani la hindi linapotoka ardhini. Soli ilikuwa nene, nyeupe, haijawahi kugusa kitu. Walizitazama kama watu wanavyotazama moto. Hakuna aliyeruhusiwa kushika. Baada ya muda Godi alifunika boksi, akarudi kwao. Mimi nilidhani yule ndiye mtu mwenye majivuno kuliko wote duniani, maana hata hakuhitaji kusema.

Jumapili moja Ndeshi alishindwa kuvumilia. Tulikuwa tunatoka kanisani, akanishika mkono tukavuka barabara hadi kwenye karavati. Alikuwa amevaa ile raba ya kijivu, ameipiga brashi mpaka imekuwa na rangi ya njiwa.

"Godi," akasema, "naomba niingize mkono ndani. Mara moja tu."

Beka ndiye aliyejibu. "Mtumba haugusi orijino. Utaziambukiza."

Wakacheka. Godi hakucheka, nalikumbuka hilo vizuri, lakini hakusema kitu pia. Ndeshi akamtazama yeye peke yake.

"Mbona huzivai?"

Godi akafunika boksi. "Hazijatengenezwa za kukanyagia matope," akasema, na kwa namna alivyosema nilihisi maneno yale hayakuwa yake. Aliyaazima kwa Beka.

Tulirudi nyumbani. Ndeshi alivua raba zake mlangoni, akaingia chumba cha nyuma, akaanza kuteremsha viatu vyote ubaoni na kuvitia kwenye gunia. Alivitia bila kuvitazama. Nikasimama pale nikiwa na kamba mbichi mkononi, sijui nizianike au nisizianike.

Mama alimkuta anafunga mdomo wa gunia. "Unavipeleka wapi?"

"Virudi sokoni. Ni mitumba tu, Mama."

Mama hakupandisha sauti. Mama yangu akikasirika alizidi kuwa mtulivu, mpaka ukatamani apige kelele. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akakunja kitenge chake magotini.

"Uji uliokunywa leo asubuhi ni mtumba," akasema. "Ada ya huyu mdogo wako ni mtumba. Bati linalokuzuia mvua ni mtumba. Mimi mwenyewe, nikisimama pale Kilombero, watu wananiita mama mitumba, na naitika. Kama unaona aibu, uone aibu ya kitu ulichoiba. Hivi viatu uliviiba?"

"Hapana."

"Ulivipenda au ulikuwa unaigiza?"

Ndeshi akauachia mdomo wa gunia. Akaanza kulia, kilio cha mtu mzima, kisicho na sauti. Mama alitoka akatuacha. Kesho yake nilipotoka shule, viatu vilikuwa vimerudi ubaoni, vyote, na dada yangu alikuwa anapuliza vumbi kwenye kimoja kana kwamba hakuna kilichotokea.

Pasaka ya mwaka ule ilikuja na mvua za masika. Vijana wa usharika walikodi lori kwenda kutembea msituni Olmotonyi Jumatatu ya Pasaka, na kwa kuwa Baba alikuwa na zamu huko, Ndeshi akaruhusiwa kunichukua. Tulipanda lori tukiimba. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, na Meru wenyewe haukuonekana kabisa. Ulihisiwa tu, kama unavyohisi mtu mkubwa amekaa kwenye chumba chenye giza. Ndeshi alibeba mfuko wenye raba za akiba. Kila mtu alimtania. Yeye alisema njia hubadilika.

Na Godi alikuwa amezivaa.

Nilijua baadaye kwamba Beka na wenzake walikuwa wamemchokoza wiki nzima, wakisema labda boksi lile ni pambo, labda raba zenyewe ni za maonyesho kama mkate wa plastiki wa dukani. Kwa hiyo siku ile alipanda lori akiwa amezivaa, nyeupe pe, na watu wakampisha kama wanavyompisha bwana harusi. Alitembea taratibu, akiangalia kila mahali anapoweka mguu.

Baba alitupokea kwenye vibanda vya chuo kwa birika kubwa la chai ya maziwa. Wasichana walisema shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akihesabu vikombe. Halafu tukaingia msituni. Sijui kama mmewahi kutembea chini ya misonobari ya Olmotonyi asubuhi ya mvua. Ardhi ni laini kama godoro, sauti zinazama, mtu aliye hatua chache mbele anageuka kivuli. Nilikuwa nimechelewa kidogo kwa sababu ya miguu yangu mifupi, nikawa nyuma ya Godi. Ndipo nikaona makombo. Yalikuwa meupe, yametawanyika juu ya udongo mweusi, na nikadhani mtu mbele yangu anakula andazi akiangusha. Niliyafuata. Yakawa makubwa zaidi. Nikainama nikaokota moja, likavunjika vidoleni kama jibini, na lilikuwa na harufu chachu.

"Dada," nikamwita Ndeshi, "kiatu cha Godi kinaliwa."

Wakati huo huo mguu wa kulia wa Godi ukaachia. Soli nzima ilibaki ardhini, na yeye akapiga hatua moja mbele akiwa amevaa ngozi ya juu na soksi. Akageuka akaitazama ile soli. Ilikuwa inapasuka yenyewe, vipande vipande, kama tope lililokauka. Ya kushoto nayo ilikuwa imeshagawanyika katikati. Raba ambazo hazijawahi kukanyaga mahali zilikuwa zimezeeka ndani ya boksi.

Kundi likasimama. Nilitazamia mtu aseme pole. Beka akasema, "Feki." Kisha mwingine akasema, na mwingine, na likawa neno la kutembelea. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wale waliokuwa wakizitazama kila Jumapili bila kupumua, sasa hakuna aliyetaka kuonekana kwamba aliwahi kuzitazama. Wakaendelea na safari kuelekea maporomoko ya maji, vicheko vyao vikififia kwenye ukungu.

Godi akakaa kwenye gogo. Alikuwa kijana mkubwa, ameanza kuota ndevu, na alikuwa ameikumbatia miguu yake kama mtoto. Ndeshi hakumwendea moja kwa moja. Aliondoa kitambaa chake kichwani, akarudi nyuma tulikotoka, akaanza kuokota vile vipande. Aliokota hata vidogo. Nikamsaidia. Tuliporudi na kitambaa kimejaa, akakifunga fundo akakiweka miguuni pa Godi, halafu akafungua mfuko wake akatoa raba za akiba. Zilikuwa za bluu, kuukuu, zimeshonwa visigino kwa uzi mweusi.

"Zitakutosha," akasema. "Mimi na wewe tuna miguu mibaya sawasawa."

Godi akatikisa kichwa. "Watasemaje?"

"Kina nani? Wameshaenda."

Akageuka akatazama njia. Kweli, walikuwa wameshaenda. Palikuwa na miti, na matone yakidondoka kutoka tawi hadi tawi, na sisi watatu. Kisha akavaa, akafunga kamba zile nilizofua mimi mwenyewe, akasimama. Hakusema asante. Alipiga hatua chache kwenda, akarudi, akajipima uzito kwenye kisigino, na nikaona uso wake unabadilika kidogo, kama dirisha lililofunguliwa kwenye nyumba iliyofungwa siku nyingi.

"Ni laini," akasema.

"Alikuwa mtu mpole," Ndeshi akajibu, "huyu aliyezivaa kwanza."

Godi hakurudi kijiweni. Wala hakuhitajika, kwa sababu baada ya muda mfupi kulikuwa na boksi jingine na mtu mwingine katikati. Jioni moja alikuja kwetu na boksi lake, raba zilizovunjika zikiwa ndani, akamsalimu Mama, akasimama uani hajui aanzie wapi. Ndeshi alimwonyesha ndoo iliyopinduliwa. Akakaa. Na kwa majuma mengi yaliyofuata, nilipokuwa nikirudi kutoka shule, nilimkuta amekaa juu ya ndoo ile ile. Dada yangu alikuwa ametafuta kwenye mabelo ya Mama raba zilizopotezana na wenzake, zile za mguu mmoja ambazo hakuna mteja, mpaka akapata soli mbili zinazokaribiana: moja ya kahawia, nyingine ya kahawia iliyokolea. Alizikata, akazisugua kwa msasa, akazipaka gundi, akazishona kuzunguka. Alifanya kazi polepole, kama mtu anayependa safari kuliko kufika.

Ni kwenye ndoo ile Godi alipozungumza. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni langu, na hakuna aliyenifukuza.

"Baba ndiye aliyezileta," alisema. "Aliondoka nikiwa mdogo, akaenda Uarabuni kuendesha malori. Akamtuma mtu na hili boksi. Nilipozivaa, mguu wangu wote ulikuwa unaogelea ndani. Hakujua mguu wangu. Alikisia tu."

Ndeshi aliendelea kushona.

"Nikawa nazipima kila Jumapili. Navua kiatu cha kanisani, naingiza mguu, naangalia pamebaki nafasi kiasi gani. Siku moja nilikuwa nimekaa karavatini napima, Beka akaniona, akawaita wengine. Wiki iliyofuata wakaja tena. Basi ikawa hivyo. Na siku zilipofika kunitosha, nikaona siwezi tena kuzivaa. Wao wanakuja kuziona. Na Baba hajaleta kitu kingine, wala barua. Nikizimaliza, nitabaki na nini?"

Shazia ikasimama. Ndeshi akainua macho. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu: akampa sindano. "Malizia upande huu wewe," akasema. Mishono ya Godi ilienda kombo, na alijichoma vidole, na mishono ikabaki vile vile.

Raba zile hazikurudi kuwa nzuri. Juu zilikuwa nyeupe na mstari wa kijani, chini zilikuwa kahawia mbili zisizofanana, kama farasi aliyevalishwa kwato za ng'ombe. Godi alizivaa. Alizivaa shule, akachezea mpira, akaendea Oldonyo Sambu kumsaidia bibi yake kuvuna maharage. Beka alimwita majina yote. Baada ya muda majina yalichoka kabla yeye hajachoka. Zikawa za kijivu, mstari ukafutika, zikatoboka. Na jioni moja, baada ya muda mrefu, alikuja kwetu amevaa kandambili. Ndeshi akaangalia miguu yake.

"Ziko wapi?"

"Zimeisha," Godi akasema. Alisema kwa sauti ya mtu aliyemaliza shule.

Najua mnachosubiri, na hapana, hawakuoana. Ndeshi aliolewa na mwalimu wa Usa River mwenye miguu midogo, na ana ubao mwingine ukutani, na wajukuu wanaoingiza mikono kwenye raba zake kumtafuta mtu aliyezivaa kwanza. Godi yuko Mwanza, anapiga simu kila Pasaka. Baba yake hakurudi.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kisa cha mitumba kuishinda orijino. Ndivyo mtoto alivyokielewa: dada yangu alipenda viatu kweli, na wale wa karavatini walipenda kutazamwa, na msonobari wa Olmotonyi ukashuhudia nani ni nani. Nilimhesabu Godi upande wa pili, kisha nikamhamishia upande wetu, nikaona hesabu imekamilika. Sikuwa na mahali pa kumweka yule mtu wa tatu, aliyekuwa Uarabuni na ambaye hakuna aliyemwona. Nilimwona mzembe. Baba gani hajui mguu wa mwanawe?

Kisha nami nikawa mzazi, na kazi ikanipeleka Dodoma, nikawa namwona mwanangu likizo hadi likizo. Siku moja niliingia dukani kumnunulia viatu vya shule, na mwenye duka akaniuliza namba. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amenifika hapa, kiunoni. Tangu hapo miezi ilikuwa imepita, na watoto hawangoji. Nikanyoosha mikono miwili hewani, nikaiacha nafasi katikati, nikaipanua kidogo, nikaipanua tena. Mwenye duka alisubiri kwa uvumilivu. Nilisimama pale mbele ya ukuta mzima wa maboksi, nikiwa nimeshika hewa yenye ukubwa wa mguu nisioujua, na nikamwelewa yule mwanamume kuliko nilivyotaka kumwelewa.

Nikachagua kubwa.